Kumnyima mgonjwa wa kansa sukari: nani alituambia uvimbe unakufa njaa? (Uzi mrefu kidogo)

Mfamasia Zamu ya Usiku

Wakuu, habari za majukumu.

Wiki iliyopita dirishani kwangu alifika binti na mama yake, mgonjwa wa kansa ya utumbo mpana, amekuja kwa dripu ya tatu. Kazi yangu ni kuchanganya hizo dawa. Dozi inapigwa kwa urefu na uzito, kwa hiyo kila mgonjwa anapanda mizani kwanza. Faili linasema kilo 61. Mizani ikasema 48. Nikamwomba ashuke apande tena, nikidhani mizani ndiyo imechoka. 48.

Kumuuliza, binti akanijibu kwa fahari kabisa: "Tumemkatia sukari, wiki ya sita sasa. Ugali hali, wali hali, ndizi hali, hata papai tumelitoa." Walirushiwa video kwenye kundi la ukoo: kansa inakula sukari, mnyime sukari itakufa. Mama mwenyewe hakusema neno. Pete yake ya ndoa alikuwa ameizungushia uzi mweusi ili isidondoke kidoleni.

Daktari akaahirisha dripu. Yaani uvimbe ukapewa likizo, mgonjwa ndiye aliyeshinda njaa.

Nimeamua niandike, maana hii habari ina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana inauzika. Chembe yenyewe ni hii. Miaka ya 1920 pale Berlin, Mjerumani Otto Warburg alikuwa akikata vipande vyembamba vya uvimbe, anavitia kwenye chupa yenye kipimo cha hewa, anaangalia vinatumia nini na vinatoa nini. Akakuta uvimbe unafakamia glukosi na kutoa asidi ya laktiki, ile ile inayochachusha maziwa ya mgando. Misuli yako nayo hufanya hivyo ukikimbia hadi pumzi ikakata. Ajabu ya uvimbe ni kwamba unachachusha hata hewa ikiwa tele.

Warburg alipata Nobeli mwaka 1931, ila kwa kazi yake ya kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) cha upumuaji wa seli. Wauza vitabu wanapenda kusema aliipata kwa kugundua chanzo cha kansa. Si kweli. Yeye aliamini mitokondria, yaani vinu vya nishati, za seli ya kansa zimeharibika na kwamba hicho ndicho chanzo chenyewe, na aliishikilia imani hiyo hadi alipofariki 1970. Baadaye ikaonekana kwamba katika kansa nyingi mitokondria ni nzima na zinapiga kazi.

Sasa kwa nini seli ichague njia ya hasara? Glukosi moja ikichachushwa inatoa ATP 2 (ATP ndiyo sarafu ya nishati ya seli), ikichomwa sawasawa kwa oksijeni inatoa kama 30. Jibu linalokubalika zaidi leo ni kwamba seli inayogawanyika haraka ina shida kubwa kuliko ya nishati: inataka vifaa. Inataka kunakili DNA nzima, kutengeneza mafuta ya utando, protini na kadhalika, na kaboni ya kujengea hivyo vyote inachotwa kwenye chakula hicho hicho. Fundi mwenye haraka ya kuezeka hageuzi mbao zake zote kuwa mkaa.

Nitaendelea. Nipo zamu.

Kisiki cha Mpingo

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

Mtani wa Kirumba

Mkuu nakuheshimu ila hapa unajikanyaga. Shemeji yangu alipelekwa Nairobi kwa picha ya PET, ile ya kusaka kansa mwilini, akachomwa sindano ya SUKARI yenye mionzi, na uvimbe ukawaka kama taa ya disko. Hospitali wenyewe wanautafuta kwa sukari! Halafu wewe unatuambia tuendelee kuupa?

Mfamasia Zamu ya Usiku

Mtani, swali zuri, na shemeji yako ni shahidi wangu mimi.

Muulize alivyofanyiwa. Aliambiwa asile kwa saa kadhaa, akapimwa sukari kidoleni, akachomwa, kisha akalazwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu kama saa nzima: asiongee, asichezee simu, asitafune kitu. Sababu ni kwamba msuli unaofanya kazi nao unainyonya ile dawa. Kitu alichochomwa kinafanana na glukosi lakini kimenyofolewa kipande na kufungwa florini yenye mionzi. Seli inakipokea mlangoni, inakigonga muhuri kama glukosi ya kawaida, halafu hatua inayofuata inashindwa. Kinakwama humo ndani, mashine inakiona. Mionzi yenyewe inapungua kwa nusu kila dakika 110 hivi, ndiyo maana dawa haiwezi kukaa stoo ikisubiri foleni.

Sasa mwombe akuoneshe picha vizuri. Ubongo umewaka? Umewaka, tena sana. Kibofu nacho kimewaka, ila huko ni dawa inayotoka na mkojo. Moyo mara nyingi unawaka. Na kuna kansa, nyingi za tezi dume kwa mfano, ambazo kwa picha hiyo haziwaki sana. Kwa hiyo kuwaka si alama ya uovu, ni alama ya nani ana hamu ya glukosi saa hiyo.

Na hapa ndipo mpango wa kumnyima unapovunjika: shemeji alikuwa hajala, na sukari ilikuwemo kwenye damu vilevile. Ini linahakikisha. Ubongo wa mtu mzima unatumia kama gramu 120 za glukosi kwa siku, na mwili hauwezi kuuacha ukae bila. Usipokula wanga ini linafungua akiba yake, akiba ikiisha linatengeneza glukosi kutokana na nyama ya misuli yako mwenyewe. Uvimbe unaendelea kunywa kwenye bomba lile lile. Zile kilo 13 za yule mama zilikwenda huko.

Hata hicho kitu cha PET, bila mionzi na kwa dozi kubwa, kimejaribiwa kama dawa ya kuufungia uvimbe mlango wa glukosi. Wagonjwa walitokwa jasho na kupata kizunguzungu kama mwenye kisukari aliyezidisha insulini. Ubongo ulilalamika kabla ya uvimbe.

Tunda la Stafeli Asili

Poleni na changamoto. Tuna unga wa majani ya stafeli, unakausha uvimbe wa aina zote ndani ya siku 21. Mikoani tunatuma kwa basi. Njoo faragha

Kisiki cha Mpingo

Nilijua tu. Ukitamka neno kansa humu hazipiti dakika kumi mtu wa stafeli ameshapiga hodi. Wasimamizi, mtoeni.

Shangazi wa Makorora

Mwanangu Mfamasia, Mungu akubariki kwa kazi hiyo. Nami nina swali la mtu mzima. Kwenye kichwa umesema uvimbe haufi njaa. Basi hakuna kabisa namna ya kuushambulia kwa njia ya chakula chake? Mjukuu wangu alitibiwa kansa ya damu, sasa yuko darasa la tano, na nakumbuka daktari alituambia dawa moja "inaificha kansa chakula". Alikuwa anatubembeleza au?

Mfamasia Zamu ya Usiku

Shikamoo shangazi. Daktari hakuwa anabembeleza. Na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Mwaka 1947 pale Boston alikuwepo Sidney Farber, mtaalamu wa kuchunguza maiti za watoto. Kansa ya damu kwa mtoto wakati huo ilikuwa ni kuhesabu wiki. Kina mama mnazijua foliki asidi, vile vidonge mnavyopewa kliniki mkiwa wajawazito. Foliki ni vitamini ambayo seli inaihitaji ili kutengeneza DNA. Farber alipowapa foliki watoto wenye lukemia, yaani hiyo kansa ya damu, aliona kama ugonjwa unaongeza mwendo. Akageuza swali: nikiwapa kitu kinachofanana na foliki lakini ni feki, je?

Hiyo foliki feki ilitengenezwa na kundi la Yellapragada SubbaRow, Mhindi aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya dawa Marekani, mtu ambaye jina lake halitajwi inavyostahili. Ikaitwa aminopterini. Watoto 16 walipewa, 10 wakapata nafuu ya kuonekana: bandama ikanywea, damu ikaanza kusomeka vizuri. Taarifa ilichapishwa Juni 1948. Nafuu haikudumu, baada ya miezi ugonjwa ulirudi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza.

Ndugu yake aminopterini ni methotreksati. Ni maji ya njano, yanakaribia rangi ya mkojo wa asubuhi, mniwie radhi. Ninapoyavuta kwenye sindano ndani ya kabati la kioo, glavu jozi mbili mkononi, huwa namkumbuka SubbaRow. Kwa dozi kubwa tunamwachia mgonjwa ile dawa kwa muda uliopangwa, kisha tunampa foliki ya aina nyingine kuziokoa seli nzima, na damu inapimwa na kupimwa tena mpaka dawa iwe imeisha. Ukichelewa, mdomo wote unakuwa vidonda, maana ngozi ya ndani ya mdomo nayo inagawanyika haraka.

Mjukuu wako shangazi, kama ilikuwa ile lukemia kali ya kawaida ya watoto, karibu hakika alipata na vitu viwili vingine. Merkaptopurini, vidonge: ni herufi feki ya kuandikia DNA, kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings waliopata Nobeli 1988. Na asparajinesi, sindano ya kuhifadhiwa kwenye friji. Hii ndiyo "inaificha kansa chakula". Seli zako nzima zinajitengenezea asparajini, kipande kimoja cha kujengea protini, zile za lukemia nyingi zinashindwa, zinategemea ya kuokota kwenye damu. Dawa inaimaliza yote kwenye damu. Seli nzima zinapika zao, za kansa zinabaki na sufuria tupu.

Na mjue ilianzia wapi: mwaka 1953 huko New York mtafiti John Kidd aliona ute wa damu ya simbilisi unayeyusha uvimbe wa panya. Ndiyo, simbilisi hawa hawa wanaofugwa jikoni kule Iringa na Njombe. Ikachukua miaka mingine kadhaa kujua kwamba siri ilikuwa kimeng'enya hicho.

Kwa hiyo kushambulia jiko la seli ya kansa si ndoto ya kesho. Kwenye nchi zenye uwezo watoto kama 9 kati ya 10 wenye lukemia hiyo wanapona, na hizi tatu ni miongoni mwa nguzo za tiba yao. Hata dripu ya yule mama wa kilo 48, fluorourasili, ni tofali feki la kujengea DNA, iliyobuniwa 1957 baada ya kuonekana kwamba uvimbe una uroho wa urasili, lile tofali halisi inaloliiga, kuliko seli za kawaida.

Shangazi wa Makorora

Marahaba mwanangu. Sindano ya friji, ndiyo hiyo hiyo. Tuliibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu kutoka duka la dawa. Nimelia kidogo, basi tu.

Nalubaale

Niongezee toka Kampala. Mkitaja methotreksati msiisahau hospitali ya Mulago. Denis Burkitt, daktari mpasuaji pale, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya kwa watoto. Ule uvimbe ni wa mbio za ajabu, seli zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 dawa hizi zikajaribiwa kwa watoto wa Afrika Mashariki, ripoti ya methotreksati ilitoka 1963, na wengine taya ilinywea kwa siku chache tu. Watu wanadhani maarifa haya yote yalishuka toka Ulaya yakiwa tayari. Taasisi ya Kansa ya Uganda ilianza 1967 kwa ajili ya watoto hao.

Nilifanya mazoezi ya uuguzi kwenye wodi ya watoto. Hatari yetu kubwa haikuwa dawa kushindwa bali dawa kufaulu kwa pupa: seli zinapasuka kwa mpigo, taka zake zinaziba figo. Usiku kucha unapima mkojo kwa kikombe na kumlazimisha mtoto anywe maji. Dawa ya kuzuia hilo, alopurinoli, nayo imetoka kwa huyo huyo Elion.

Mtani wa Kirumba

Haya nimekubali kwa shingo upande. Ila hizo ni dawa za zamani za bibi. Sayansi ya sasa imefika wapi? Metfomini je? Mimi ni mtu wa kisukari, naimeza kila siku, na niliambiwa inakinga kansa.

Mbeba Boksi wa Rhein

Hapo nijibu mimi, niko maabara Ujerumani, naosha vyombo vya wakubwa na kuotesha seli.

Metfomini: kweli kulikuwa na matumaini makubwa, maana wagonjwa wa kisukari wanaoitumia walionekana kupata kansa kidogo. Basi wakafanya jaribio lenyewe: wanawake 3,649 wenye kansa ya matiti, wasio na kisukari, nusu metfomini, nusu kidonge kisicho na dawa, miaka mitano. Matokeo yalitoka 2022. Haikuzuia kansa kurudi. Endelea kuimeza kwa ajili ya kisukari chako mkuu, usiiache, ila usiipe cheo kisicho chake.

Orodha ya walioanguka ni ndefu. Telaglenastati ilizuia kimeng'enya cha kuvunja glutamini, chakula cha pili cha kansa. Kwenye chupa zetu seli zinakufa vizuri sana, nimeona kwa macho. Ikapelekwa kwa wagonjwa wa kansa ya figo, 2021 ikaonekana haijaongeza kitu juu ya dawa waliyokuwa wakipewa. Devimistati, dawa nyingine ya namna hiyo, kwa kansa ya kongosho, mwaka huo huo, vilevile.

Kwa nini? Fikiria Dar. Ukifunga Morogoro Road pale Ubungo, dereva wa daladala hakubali kulala barabarani. Anakatiza Mabibo, anatokea Kigogo, abiria anafika kachelewa lakini kafika. Seli ya kansa ni dereva wa namna hiyo. Ukizuia glukosi inageukia glutamini, ukizuia glutamini inaokota mafuta, na nyingine zinalishwa na seli jirani zilizozizunguka. Kwenye chupa hakuna jirani, ndiyo maana chupa inatudanganya.

Halafu kuna shida wachache wanaitaja. Seli za kinga zinazotakiwa kuua uvimbe nazo zikipanda moto zinachachusha glukosi kama uvimbe wenyewe. Polisi na mwizi wanakula kwa mama lishe mmoja. Ukimfungia mama lishe, umemwonea nani?

Kilichofanikiwa cha kisasa ni kulenga IDH, kimeng'enya kimoja cha jiko la seli. Mwaka 2008 waligundua kwamba baadhi ya uvimbe wa ubongo una jeni ya kimeng'enya hicho iliyoharibika mahali pamoja. 2009 wakajua kinachotokea: kimeng'enya kinaanza kupika kitu kingine kabisa, taka fulani inayozuia seli isikomae, ibaki kitoto inagawanyika tu. Seli nzima haina kimeng'enya kilichopinda namna hiyo, kwa hiyo dawa ina mahali pa kulenga. Enasidenibu ilipitishwa Marekani 2017, ivosidenibu 2018, zote kwa lukemia. Na 2024 vorasidenibu kwa uvimbe wa ubongo unaokua polepole: wagonjwa 331, nusu ya waliopewa dawa walikaa miezi 27.7 au zaidi kabla ugonjwa haujasonga, kwa wasiopewa ni 11.1. Bei usiulize, utaugua wewe.

Kisiki cha Mpingo

Mfano wa daladala nimeuelewa kuliko miaka minne ya baiolojia ya sekondari.

Mama Wawili

Jamani samahani naingia kwa kuchelewa. Mimi namuuguza kaka yangu, kansa ya koo la chakula. Amekuwa kwenye lishe ya mafuta tupu bila wanga, wanasema Ulaya inatumika. Anapungua kila siku. Nimesoma uzi wote sasa nasikia kama mimi ndiye ninayemuua.

Mfamasia Zamu ya Usiku

Dada yangu, hapana. Unamuuguza kwa kile ulichoambiwa, na waliokuambia hawamlishi wao.

Hiyo lishe inafanyiwa utafiti kweli, lakini sikiliza namna yenyewe. Mwaka 2018 ilionekana kwa panya kwamba lishe hiyo inaisaidia aina moja ya dawa inayopandisha insulini, kwa sababu insulini inaamsha uvimbe. Lishe PAMOJA na dawa. Na kwenye utafiti huo huo, panya wenye lukemia waliopewa lishe peke yake, ugonjwa wao ulikimbia zaidi. Hicho ndicho kipande kisichorushwa kwenye video.

Kansa ya koo kumeza ni kazi, kila tonge ni vita, kwa hiyo kila tonge libebe mzigo. Uji wa ulezi uliopondewa karanga na maziwa, mtori mwepesi, mayai, parachichi, supu iliyosagwa na nyama yake. Asali kama anaipenda. Kidogo kidogo mara sita badala ya sahani moja ya kumtisha. Kama ana kisukari, au kama chakula kinakwama hata uji haupiti, mwambie daktari leo, usingoje siku ya kliniki, kuna mipira ya kulishia. Na mpime uzito kila wiki, andika kwenye daftari, nenda nalo.

Soda na unene kabla ya ugonjwa ni mada nyingine, na huko nakubali wabongo tunajimaliza. Ila mgonjwa anayepungua si wa kupewa somo la soda.

Mama Wawili

Asante kaka. Amekubali uji, nimetia siagi ya karanga. Kikombe nusu.

Mtani wa Kirumba

Mfamasia, yule mama wa pete iliyofungwa uzi, vipi?

Mfamasia Zamu ya Usiku

Alikuja jana. 50 na nusu. Daktari akapiga dozi upya kwa uzito huo, nikachanganya. Muuguzi akampa vipande vya barafu anyonye wakati dawa inaanza kuingia, baridi inabana mishipa ya mdomoni ili dawa isifike kwa wingi, vidonda vinapungua. Binti hakutaka kuniangalia usoni. Alikuwa amebeba chupa ya chai na maandazi matatu kwenye mfuko wa kaki, na mama akamwambia muuguzi, akiwa na barafu mdomoni, hilo la katikati asilile mtu.

Narudi kabatini wakuu, kuna mifuko kumi na moja inanisubiri.